Kabla ya mche, hesabuni visiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie kampeni za kupanda miti katika mikoa ya Shinyanga na Simiyu. Lengo linajulikana: kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Sina ugomvi na miti. Ugomvi wangu ni na historia inayosimuliwa jukwaani siku ya kupanda: eti hapa palikuwa na msitu mkubwa, wazee wakaumaliza kwa shoka na ng'ombe, pakabaki jangwa, na sasa tunaanza upya kwa mche. Simulizi hiyo ina kasoro karibu kila mahali, na kasoro zake zinakula fedha. Anayeamini kwamba ardhi ni tupu hainami kutazama visiki hai vilivyomo.

Tuanze na sotoka, tauni ya ng'ombe. Iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe. Nyuma yake zikaja ndui na njaa, kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua wapagazi na chakula. Nchi iliyokuwa ikilimwa, ikilishwa na kuchomwa kwa utaratibu ikakosa watu na mifugo. Kichaka kikajaza mashamba na malisho, wanyamapori wakakifuata, na mbung'o wakawafuata wanyamapori. Mwaka 1922 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yakazuka Maswa. Kwa hiyo pori ambalo maofisa wa Kiingereza walilikuta na kulidhani la tangu na tangu, sehemu yake nzuri ilikuwa na umri wa miaka 30 tu. Lilikuwa limeota juu ya makazi ya watu.

Serikali ya kikoloni ikaamua kulifyeka. Kazi hiyo iliongozwa na C.F.M. Swynnerton, mtafiti wa mbung'o aliyekuwa na makao Shinyanga, ambaye jina lake limebaki kwenye aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni. Kwa kupitia watemi, watu walitoka kwa maelfu na mashoka yao. Kilichowasumbua wafyekaji hawa kinapaswa kuwahusu sana maofisa misitu wa leo: miti ilikataa kufa. Kisiki kilichokatwa msimu wa kiangazi kilitoa machipukizi mvua ilipoanza, na kichaka kikarudi kizito kuliko cha mwanzo. Ndiyo maana Swynnerton alizuia watu wasichome nyasi mapema, akazitunza mpaka mwisho wa kiangazi, kisha zikachomwa kwa pamoja ili moto uwe mkali kiasi cha kuua machipukizi. Huo ni ushahidi usio na upendeleo wowote. Mtu aliyelipwa kuua miti hii alilazimika kupanga moto wa wilaya nzima ili ife, na bado mingi haikufa.

Baadaye likaja jembe la kukokotwa na ng'ombe, na pamba. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, makao yake Malya, ulileta amri za matuta, samadi na kupunguza mifugo. Wananchi walizichukia, na nyingi zilikufa pamoja na mpango wenyewe. Pigo kubwa zaidi kwa uoto lilikuja na operesheni ya vijiji mwaka 1974. Familia zilihamishwa kwenye vijiji vya kupangwa, na ngitili, malisho yao ya kufungwa, zikabaki kilomita kadhaa nyuma, hazina mwenyewe. Malisho ambayo kila mtu alijua ni ya nani yakawa ya anayewahi. Ndani ya miaka 10 hivi Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine: ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua za kwanza zinaponyesha, Novemba au Desemba, na kulifungua katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, nyasi za nje zikishakwisha. Ya mtu binafsi huwa na hekta 2 hadi 5, mara nyingi karibu na kaya. Ya kijiji inaweza kupita hekta 100. Haina uzio. Mpaka wake ni njia, mbuyu, korongo au safu ya minyaa. Kilichoilinda ni dagashida, mkutano wa jadi unaotunga amri na kutoza faini, na baadaye sungusungu, walinzi wa jadi.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kwa msaada wa Norway, nao ulianza na vitalu vya miche kama tunavyofanya leo. Wataalamu waliona baada ya muda kwamba wananchi wana njia yao, ya bei rahisi na inayoleta miti ya kwao, wakahamishia nguvu huko. Ngitili zilizokuwa zimesalia wakati mradi unaanza zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2004 ulifungwa. Miaka minane baadaye mkoa wenyewe ukagawanywa: Maswa, Meatu na Bariadi zikaenda Simiyu, Bukombe ikaenda Geita, na kumbukumbu za kazi hiyo zikatawanyika kwenye ofisi ambazo nyingi hazikuwepo ilipofanyika.

Sasa tuweke hesabu mezani. Miche 1,500,000 ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani 1,600 kwa hekta, inajaza hekta 940 hivi, na hapo tumejidanganya kwamba hakuna hata mmoja utakaokufa. Tuseme kila mche unywe lita 5 mara mbili kwa wiki, kwa wiki 17 za Juni hadi Septemba. Ni lita 170 kwa mche, na kwa miche yote ni lita milioni 255, katika nchi ambayo akina mama hupanga foleni ya ndoo kwenye lambo. Maji hayo hayapo, na hakuna halmashauri inayoyawekea bajeti. Miche inaachwa kwa Mungu, na Oktoba tunahesabu viriba, mifuko ya nailoni ya miche.

Tarehe nayo ni tatizo. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kwa Tanga na Pwani inafaa, masika ndiyo kwanza yanashika. Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Mei, wenye mapumziko ya ukame Januari au Februari. Mche wa Aprili 1 hapa unapata wiki nne tano za unyevu, kisha miezi mitano mikavu ukiwa na mzizi wa urefu wa kiganja.

Kisiki hakina shida hiyo. Mgunga uliokatwa miaka 20 iliyopita una mizizi inayofika unyevu wa chini kabisa, na chakula kimehifadhiwa humo. Chipukizi lake likiachwa bila kuliwa linaweza kupita mita moja katika msimu mmoja wa mvua. Miti ya miombo ya upande wa Kahama ndivyo ilivyo kwa maumbile: mche wake wa mbegu hutumia miaka mingi kujenga mzizi, huku shina likiungua au kukauka kila kiangazi na kuanza tena. Unachokiona juu kama kijiti cha mwaka mmoja, chini kinaweza kuwa na mzizi wa miaka 10.

Kabla afisa hajaagiza viriba, basi, atembee shambani na asome ardhi. Dalili hazifichwi. Mti wenye mashina matatu au manne yanayotoka chini pamoja umeshakatwa, na unene wa mashina hayo unamwambia takriban ni lini. Safu ya minyaa iliyonyooka katikati ya pori ni ua wa kaya ya zamani, mara nyingi ya kabla ya 1974. Akizunguka hapo atapata mawe ya kusagia na vigae vya vyungu. Duara la ukoka lenye kijani kibichi kuliko nyasi zilizolizunguka lilikuwa zizi; samadi hulisha udongo miaka mingi baada ya ng'ombe kuondoka. Mibuyu na mikwaju mikubwa iliyosimama peke yake iliachwa makusudi na wakulima, kwa hiyo isichukuliwe kuwa masalia ya msitu mnene. Na vichaka vile vya kimo cha goti, vyenye matawi magumu yaliyofumana, ambavyo kwenye fomu huandikwa "vichaka visivyo na thamani"? Vingi ni miti mizima iliyoliwa na mbuzi kila mwaka. Akwangue gome chini kabisa kwa kisu: likiwa na kijani na unyevu, kisiki ki hai.

Kuhesabu ni kazi ya asubuhi moja. Pima kipande cha mita 20 kwa 20, hesabu visiki hai vyote, zidisha kwa 25 upate idadi ya hekta moja. Rudia sehemu tano zisizofanana: juu kwenye luseni, yaani kichanga cha mlimani, katikati kwenye itogolo, na chini kwenye mbuga ya udongo mweusi. Usiishie kwenye luseni tu, maana Wasukuma hawakuipa kila ngazi ya mteremko jina lake bure. Kila moja ina miti yake na namna yake ya kushika maji. Ukipata visiki 10 kwa kipande, una miti 250 kwa hekta na huna sababu ya kununua mche. Ukipata chini ya viwili, hapo ndipo penye hoja ya kupanda.

Kukiamsha kisiki, njia ambayo wenzetu wa Dodoma wanaiita Kisiki Hai, hakuhitaji zaidi ya panga kali na macho. Fanya baada ya mavuno, majani yakiwa machache na mikono ipo. Chagua mashina mawili au matatu kwa kisiki kilicho shambani, manne au matano kwa kilicho kwenye ngitili. Pendelea yale yanayotoka karibu na ardhi: chipukizi lililoota juu ya kisiki kirefu limeshikwa na gome tu, na upepo wa mwaka wa tatu hulibandua. Mengine yaondoe, ila si yote siku moja. Acha machache ya pembeni yayakinge uliyoyachagua dhidi ya mbuzi, uyakate mwaka unaofuata kwa kuni. Matawi ya chini yapogolewe mpaka nusu ya kimo, usizidishe, kwani ukipandisha panga juu zaidi shina linabaki jembamba na kuinama. Anza na mkato mdogo upande wa chini wa tawi, umalizie juu. Ukikata kutoka juu moja kwa moja tawi linaanguka na ngozi ya shina. Funga kitambaa cha rangi kwenye shina uliloliacha, ili mchungaji na mkata kuni wajue mti huu una mwenyewe. Miiba uliyoikata irundike kuuzunguka.

Ngitili inataka akili zaidi kwa sababu inahusu watu wengi. Igawe sehemu tatu au nne na ufungue moja moja, ukianza na ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa kulimia. Kufungua zote kwa mkupuo Julai kunamaliza nyasi Agosti, na Septemba inakuta ng'ombe wote wanatazama upande wa jirani. Kuwaingiza ng'ombe Februari "kidogo tu", kosa linalorudiwa kila mwaka wa ukame, ni kula nyasi kabla hazijaangusha mbegu. Baada ya miaka miwili mitatu unabaki na nyasi za mwaka mmoja ambazo upepo wa Juni huzipeperusha. Kufungua kwa wakati wake kuna faida nyingine. Ng'ombe na mbuzi hula maganda ya mgunga yaliyoanguka, na mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota kuliko ungezisia mwenyewe.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo wahifadhi hatupendi kulitaja. Ngitili iliyofungwa kabisa, isiyokatwa wala kulishwa, haigeuki kuwa msitu mzuri wa picha. Hujaa mkulagembe, kichaka cha miiba, na migunga michanga mpaka nyasi zinakosa jua, na mwenye ng'ombe anasema, kwa haki, kwamba amedhulumiwa. Punguza. Lakini mkulagembe ukiukata tu unachipua kutoka kwenye mizizi na unapata mitano badala ya mmoja, kwa hiyo fuatisha mbuzi juu ya machipukizi hayo mara yanapotoka, na uache miti mirefu ikue iyafunike. Mbuzi ambaye kila kampeni humtukana ni chombo cha kazi, akipewa mahali na muda.

Moto ndio adui wa kweli wa machipukizi, na tarehe yake ni muhimu kuliko ukubwa wake. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalionyesha wazi: viwanja vya miombo vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka baada ya mwaka vilipoteza miti mikubwa na kuwa nyasi zenye vichaka, huku vilivyozuiliwa moto vikizidi kufunga. Vilivyochomwa mapema viliendelea kuwa na miti. Hapa kwetu moto mwingi wa Agosti na Septemba hauanzii porini. Hutoka kwenye kuchoma mabua ya pamba na kusafisha mashamba. Mkanda wa kuzuia moto wa mita 5 hadi 10 kuizunguka ngitili ufyekwe Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Mabua ya pamba yachomwe asubuhi, upepo ukiwa umelala, yakiwa yamerundikwa katikati ya shamba.

Wapo wanaouliza kama kurudisha pori ni kurudisha mbung'o. Swali ni la haki, maana babu zao walilifyeka kwa sababu hiyo. Mbung'o aliyetawala kanda hii alitegemea pori lisilokatika lenye wanyamapori wa kutosha. Ngitili za hekta 3 zilizozungukwa na mashamba na kaya hazimpi hayo. Pale zinapopakana na hifadhi, kama upande wa Meatu, hoja hiyo haifai, na ofisi ya mifugo ihusishwe tangu mwanzo. Fisi na kwelea kwelea ni hasara ya kweli zaidi: wote wawili wamefaidika na vichaka vilivyorudi, na mkulima wa mtama anayelalamika asiambiwe kwamba hapendi mazingira.

Nigusie haki. Nyasi za ngitili zina bei mwezi wa Septemba, na mwenye ng'ombe wengi ndiye anayeweza kuilipa. Ngitili za kijiji zimeishia kukodishwa kwa watu wachache sehemu kadhaa, na mwanamke aliyekuwa akiokota kuni humo akageuzwa mhalifu. Dawa ni kuandika, na sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kwa mtu au kikundi. Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002 inaruhusu msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ndogo ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, siyo kamati peke yake, kisha iidhinishwe na halmashauri. Bila idhini hiyo faini ya sungusungu huanguka mahakamani. Ndani yake viandikwe vitu vinne vinavyogombanisha watu: tarehe ya kufunga na kufungua, nani anaingiza mifugo mingapi na kwa malipo gani, siku za kuokota kuni zilizokauka, na fedha ya faini inakwenda wapi. Kuhusu mkaa sisemi mengi, ila vijiji vya Kilosa vilivyoingia kwenye uvunaji wa mpango hugawa eneo katika vitalu vya mita 50 kwa 50 na kukirudia kitalu baada ya miaka 24. Wanategemea visiki vile vile ninavyovisema.

Tusipande kabisa? Tupande, mahali penye sababu. Mashamba ya mbuga yaliyong'olewa visiki na kulimwa kwa trekta miaka 30 hayana cha kuamsha. Shule, zahanati na nyumba zinahitaji kivuli, na mwarobaini na mjohoro unafanya kazi hiyo vizuri. Mkaratusi usipelekwe karibu na lambo, na ujulikane kwamba mchwa huumaliza ukishaumwa na kiu. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 Oktoba, rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na samadi iliyooza, acha kisahani cha kukusanya maji chenye kingo upande wa chini wa mteremko. Panda Desemba, siku ambayo udongo umelowa kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiriba kitolewe chote. Linaonekana jambo dogo, lakini ukiing'oa miche iliyokufa kwenye maeneo ya sherehe utakuta mingi bado imevaa nailoni, mizizi imejizungusha ndani kama kamba ya ndoo.

Ombi langu kwa halmashauri za mikoa hii miwili, na kwa Wizara inayopokea taarifa zao, ni dogo na linahusu fomu. Sasa hivi fomu ina safu ya miche iliyopandwa. Iongezewe safu mbili: hekta za ngitili zenye sheria ndogo iliyoidhinishwa, na visiki hai vilivyopogolewa na kuwekwa alama. Miche nayo ihesabiwe Oktoba ya mwaka wa pili badala ya siku ya kupanda. Maofisa ugani wanaweza kuanza na vipande vitano vya mita 20 kwa 20 kwa kila kijiji mwezi Agosti, kabla vitalu havijaagiza mbegu za msimu ujao.

Mdau wa misitu na malisho,
Shinyanga